Miaka Miwili na Bastola Ndani ya Pochi

Kwa miaka miwili na ushee, ukifungua pochi yangu ungekuta vitu hivi: simu mbili, daftari la manunuzi, losheni, leso, na bastola. Usishtuke, dada. Ni ya halali, ina leseni, na leseni ina jina langu. Najua umeshaanza kujiuliza: huyu mwanamke ni askari? Mumewe anasemaje? Wakigombana inakuwaje? Tulia, nitakujibu moja baada ya jingine, maana hayo ndiyo maswali yenyewe.

Mimi ni mfanyabiashara wa mazao. Kwetu ni Masakta, wilaya ya Hanang, upande wa kuelekea Mbulu. Nanunua mbaazi, maharage, mahindi na alizeti kwa wakulima, nafuata vitunguu saumu Mbulu, napakia, napeleka Arusha. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Tuna watoto watatu, na tunaishi na binti wa dada yangu.

Biashara ya mazao, kwa wewe usiyeijua, ni biashara ya hela mkononi. Mkulima amelima, amepalilia, amevuna, sasa anataka kuziona pesa zake kwa macho. Kwa hiyo msimu wa mavuno utamkuta mama wa watu kakaa mbele ya Fuso, noti kazifunga tumboni ndani ya kanga kama mjamzito. Njia ni ya vumbi, vijiji viko mbalimbali, na kila kijana wa kijiweni anajua leo ni siku ya mnada. Mwishoni mwa 2022 mfanyabiashara mwenzangu alisimamishwa njiani jioni, akanyang'anywa kila kitu hadi viatu. Namshukuru Mungu hakuumizwa, lakini mpaka leo akisikia pikipiki nyuma yake anasogea pembeni na kusubiri ipite.

Wiki hiyo hiyo nikamwambia mume wangu, nataka bastola. Akanyamaza muda mrefu, halafu akauliza, "Mama watoto, unataka bastola au unataka usalama?"

Nikamjibu, "Baba, nataka vyote viwili."

Muhuri juu ya muhuri

Kwanza niwaondoe wasiwasi wanaodhani bastola inanunuliwa kama simu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 imeweka ngazi, na kila ngazi ina mtu wa kukuuliza maswali. Ombi langu lilianzia serikali ya kijiji, likapanda, likapita kwenye kamati ya ulinzi na usalama, likafika polisi. Pale kijijini mzee mmoja aliniangalia juu mpaka chini. "Mwanamke, bastola ya nini?"

"Ya kulinda hela zenu, baba," nikamwambia, "maana ndizo ninazobeba." Wakacheka, muhuri ukagongwa.

Kitu kimoja ambacho wengi hawakijui ni kwamba leseni ni ya mtu, siyo ya nyumba. Silaha iliyoandikwa jina langu, mume wangu haruhusiwi kuibeba hata kwa kunisaidia. Hata kama tumeoana kanisani mbele ya watu mia tatu! Ndani ya ndoa ambayo kila kitu ni "chetu", hiki kimoja kilikuwa changu peke yangu. Likumbuke hilo, tutalirudia.

Mashine yenyewe

Niliyonunua ni CZ 75, mtumba uliotunzwa vizuri. Ilibuniwa na ndugu wawili, Josef na František Koucký, huko Uherský Brod katika nchi iliyokuwa ikiitwa Chekoslovakia, na hiyo 75 kwenye jina ni mwaka 1975. Risasi yake ni ya milimita 9, aina aliyoibuni Georg Luger Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1900 na ambayo leo imeenea karibu dunia nzima.

Inafanyaje kazi? Ni nusu-otomatiki. Maana yake, ukivuta triga mara moja inatoka risasi moja, halafu nguvu ya ile risasi inasukuma kile chuma cha juu kirudi nyuma. Kikirudi kinatupa ganda lililotumika na kuinua nyundo. Springi inakirudisha mbele, nacho kinachukua risasi nyingine kutoka kwenye magazini. Yote hayo ni kufumba na kufumbua. Wewe kazi yako ni kuvuta triga tu, na hapo ndipo penye raha yake na hatari yake.

Ni chuma kitupu. Ikiwa tupu ina uzito wa kama kilo moja. Ukiijaza risasi 15, unatembea na kilo moja na karibu robo. Jaribu kubeba sukari ya uzito huo kwenye pochi siku nzima ya mnada, jioni uniambie bega linasemaje. Lakini uzito huo huo ukiwa kwenye shabaha ni rafiki, kwa sababu unameza teke. Bastola nyepesi inakurukia mkononi, hii inakusukuma tu, kama mtu anayetaka kupita.

Kitako chake kimekaa vizuri kwenye kiganja, hata cha mwanamke. Chuma cha juu kimezama ndani ya mwili wa bastola badala ya kuupanda kwa nje, ndiyo maana hakichezi-chezi. Lakini hapo pia ndipo kinapomtesa mwenye mikono midogo, kwa sababu sehemu ya kushika wakati wa kukoki ni nyembamba. Wadada wa kucha za saluni, samahanini. Mimi zangu nilizikata wiki ya kwanza na hazijarudi.

Renji: safari 20, risasi 800

Uwanja wa kulenga shabaha, wenyewe askari wanauita renji. Niliupata karibu na Arusha, na kwa kuwa mzigo wangu unakwenda huko huko, nikajipangia: kila nikimaliza kushusha, kabla sijageuza, napita renji. Mwalimu wetu alikuwa afande mstaafu, mpole, anayeita kila mwanamke "mama" na kila mwanaume "kijana" hata akiwa na mvi. Risasi za mazoezi unanunua pale pale na kuzimaliza pale pale. Nilipiga 40 kila safari. Safari 20, risasi 800. Zote nimeziandika kwenye daftari, kama ninavyoandika magunia.

Siku ya kwanza afande hakunipa hata risasi moja. Alinipa sheria nne na kunitaka nizirudie mpaka nichoke. Kila silaha ihesabu ina risasi hata kama umeitoa mwenyewe. Usiuelekeze mtutu kwa kitu usichotaka kukiharibu. Kidole kikae nje ya triga mpaka macho yawe kwenye shabaha. Na ujue nyuma ya shabaha kuna nini. "Mama," akasema, "hiyo ya nne ndiyo inayofungisha watu. Risasi haina breki."

Basi, matokeo ni haya. Mita 7, baada ya miezi mitatu, risasi zangu kumi zilikuwa zinaingia kwenye eneo la kisahani cha chai. Mita 15, sahani ya wali. Mita 25, tuseme ungo, tena ungo wa mama mkwe, ule mkubwa. Afande alisema bastola ingeweza kufanya vizuri kuliko hapo, ni mikono tu inayohitaji muda, na mimi namwamini kwa sababu yeye aliichukua akapiga kisahani kile kile kutoka mita 25.

Ilikwama mara sita katika 800. Mara nne ilikuwa ni magazini ile ile moja, niliyoinunua kwa mtu baadaye, midomo yake ilikuwa imepinda kidogo. Nikaipiga alama ya rangi ya kucha, nikaitenga, na tatizo likaisha. Mara mbili zilizobaki zilikuwa risasi zisizowaka. Unavuta triga, unasikia "ta!", kimya. Hapo usiitazame tundu, jamani! Unaacha mtutu ukiangalia kule kule kwenye shabaha, unahesabu taratibu mpaka thelathini, kwa sababu kuna risasi inayochelewa kulipuka. Ndipo unaitoa.

Vumbi la Hanang nalo ni adui. Kila nikitoka msimu wa ununuzi nilikuwa naifungua, nafuta, naweka mafuta kidogo. Kidogo, narudia, maana mafuta mengi na vumbi vikikutana vinafanya ugali.

Na dada, mambo ya afya ambayo hakuna anayekuambia. Mlio wa bastola unafika kwenye desibeli 160 hivi, na sauti ya ghafla inayopita 140 inaweza kuua masikio moja kwa moja. Vizibo vya masikio siyo urembo. Halafu risasi nyingi zina madini ya risasi yenyewe na moshi wake unaacha vumbi mikononi na kwenye nguo. Nawa kwa maji baridi na sabuni kabla hujala, badili nguo kabla hujamkumbatia mtoto, na ukiwa mjamzito au unanyonyesha, renji isubiri.

Sekunde nne

Sasa tuje kwenye kile nilichoinunulia. Afande alikuwa na saa ya kupimia. Siku moja akaniambia, "Mama, leo hatupimi shabaha, leo tunapima pochi." Bastola ndani ya pochi, zipu imefungwa, chemba tupu kama ninavyotembea nayo. Akipiga filimbi nifungue, nitoe, nikoki, nipige karatasi iliyoko mita 7.

Mara ya kwanza, sekunde saba na kitu. Baada ya mwaka mzima wa kurudia, nikafika sekunde nne. Nilifurahi kama mtoto aliyefaulu darasa la saba.

Afande akacheka kidogo, akanisimulia habari ya Dennis Tueller, askari wa polisi wa mji wa Salt Lake City, Marekani, ambaye mwaka 1983 aliandika kuhusu jaribio dogo alilolifanya. Alitaka kujua mtu mwenye kisu akiwa umbali wa futi 21, yaani mita 6 na nusu hivi, anakufikia kwa muda gani. Jibu ni sekunde moja na nusu. Moja na nusu, dada! Mimi na sekunde zangu nne nilizozifanyia sherehe, jambazi angekuwa ameshanipokonya pochi na bastola ndani yake, na ana sekunde mbili na nusu za kuniaga.

"Basi niivae kiunoni, chemba ikiwa na risasi," nikasema. Akanijibu, "Sawa mama. Na gauni? Na kanga? Na ukiwa umekaa katikati ya dereva na utingo, magunia miguuni?" Kwenye renji unasimama, miguu umeipanua, umejiandaa, adui ni karatasi na amekusubiri upumue. Njiani hakuna filimbi.

Kwa hiyo mtihani wa mashine bastola ilifaulu. Mtihani wa maisha yangu ulikuwa mwingine kabisa.

Kabati la chuma

Nyumbani niliifungia kwenye kabati dogo la chuma lililofungwa kwa bolti ukutani, chumbani kwetu, ndani ya kabati la nguo. Risasi zilikaa mahali pengine, na ufunguo wake mwingine. Ufunguo wa kabati nilitembea nao shingoni. Nilifanya kila kitu kama afande alivyofundisha.

Lakini nyumba ina macho. Mtoto wetu wa mwisho, wa miaka saba, aliliona lile kabati siku moja natoa nguo. "Mama, humo mna nini?" Nikamwambia, vitu vya kazi ya mama. Wiki hiyo hiyo shule nzima ilijua mama yake ana kabati la chuma. Mtoto hana kosa, alikuwa anajisifu tu. Baada ya hapo mnadani nikaanza kusikia wanaume wakiniita "Mama Bastola". Wengine walinisalimia kwa adabu mpya, sikatai, na nilisikia raha. Ila nikafikiri: kama wema wanajua, na wabaya wanajua. Kitu nilichokinunua ili kumfukuza mwizi kimekuwa chenyewe mali ya kuibiwa.

Halafu kuna ile sheria ya nne ya afande, ujue nyuma ya shabaha kuna nini. Nilikaa kitandani usiku mmoja nikaitazama nyumba yetu kwa macho ya risasi. Nyuma ya mlango wa chumba chetu ni korido. Nyuma ya korido ni mlango wa mbao wa chumba cha mabinti. Risasi ya milimita 9 haibishi hodi kwenye mlango wa mbao.

Nani asiyemkumbuka Oscar Pistorius, yule mkimbiaji wa Afrika Kusini? Usiku wa kuamkia siku ya wapendanao, Februari 14, 2013, huko Pretoria, alipiga risasi nne za bastola ya milimita 9 kupitia mlango wa choo uliofungwa. Nyuma ya mlango alikuwa mpenzi wake, Reeva Steenkamp. Yeye alisema alidhani ni mwizi. Mahakama ya rufaa mwaka 2015 ilimtia hatiani kwa mauaji. Sitaki kuingia moyoni mwake, sina uwezo huo. Ninachoweza kukiona ni mlango, na mtu aliyepiga bila kuona nani yuko upande wa pili.

Wenzetu Marekani wamefanya hesabu. Mwaka 1993 daktari Arthur Kellermann na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba nyumba yenye silaha ilikuwa na hatari ya mtu kuuawa humo ndani karibu mara tatu kuliko isiyokuwa nayo, na wauaji wengi walikuwa watu wa nyumbani au wanaofahamika. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa matokeo ya kufuatilia watu zaidi ya milioni 26 wa California. Wanawake waliomiliki bastola walikuwa na uwezekano wa kujiua kwa risasi zaidi ya mara 35 kuliko wanawake wasiomiliki. Wanaume, karibu mara nane. Hanang siyo California, najua. Lakini siku za giza kila mwanamke anazo, awe Masakta au Los Angeles. Siku hizo zinapita, ukiwa huna kitu cha kuzimaliza kwa sekunde moja.

Usiku tuliogombana

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize, wewe uliye kwenye ndoa.

Mume wangu hakuwahi kuigusa bastola yangu. Hakuwahi kunikataza wala kunitania mbele ya watu. Hata pale ndugu zake walipomwambia, "Siku hizi kwako nani anavaa suruali?" aliwajibu, "Wote tunavaa, kuna baridi." Ndiyo, ni mtu wa namna hiyo.

Mwaka jana tulikuwa na ugomvi mkubwa. Ilikuwa ni ardhi ya ukoo, ada ya mtoto wa kwanza, na maneno ya miaka kumi nyuma, si unajua tena ugomvi unavyokusanya ndugu zake. Tulipandishiana sauti mpaka usiku. Hakuna aliyemgusa mwenzake, hatujawahi. Tukalala migongo imetazamana.

Asubuhi, chai mezani, watoto wameshakwenda shule, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mama watoto, jana tukiwa tunagombana, mara mbili niliangalia kabati la nguo."

Nikakaa kimya. Halafu nikamwambia, "Hata mimi."

Elewa vizuri. Hakuna kati yetu aliyetaka kumuua mwenzake. Mimi nilikuwa na ufunguo shingoni na wala mkono haukwenda. Lakini wote wawili, katikati ya hasira, tulikumbuka iko wapi. Yeye alikumbuka kwamba ni yangu peke yangu. Mimi nilikumbuka kwamba yeye anakumbuka. Tulikuwa hatugombani tena wawili, tulikuwa watatu, na huyo wa tatu hana masikio ya kusikia "nisamehe".

Akaendelea, "Mimi siiogopi bastola yako. Wewe unaijua kuliko mapolisi wengine. Naogopa tu kwamba siku hizi nikitaka kukuambia ukweli mgumu, nachagua maneno."

Dada zangu, sentensi hiyo iliniuma kuliko tusi. Mume anayechagua maneno siyo kwa upendo bali kwa tahadhari ni mume anayeondoka taratibu huku bado amekaa kwenye kiti.

Usalama ni nini basi?

Tulianza kuhesabu pamoja, kwenye daftari lile lile. Mimi nimeibiwa na nani zaidi katika biashara hii? Majambazi, bado, Mungu ameninusuru. Bei imeniibia sana. Agosti 2017 India ilipoweka mipaka ya kuingiza mbaazi, bei iliporomoka nikabaki na magunia ghalani ninayatazama. Hakuna bastola ya kumlenga nani pale.

Na Desemba 3, 2023, tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikaifunika sehemu ya Katesh na vijiji vya jirani. Watu 89 walipoteza maisha. Siku zile hakuna aliyeuliza nani ana bastola. Watu waliulizana nani ana sepetu, nani ana blanketi, nani ana gari.

Mababu zetu Wairaqw walikuwa na hofu zao pia. Walipoandamwa na wavamizi wa ng'ombe walichimba nyumba ndani ya ardhi, paa likalingana na kilima, adui apite asijue kuna familia chini yake. Walijilinda kwa kutoonekana, na kwa yowe, maana yowe likipigwa kila mtu anatoka. Nikajiuliza, mimi wa leo yowe langu liko wapi?

Kumbe liko. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008. Wakulima wangu wengi sasa wana simu, na walioshikilia noti nimewabembeleza mmoja mmoja, gharama ya kutoa nailipa mimi. Siku hizi kwenye Fuso nabeba hela ya chai, ya dizeli na ya vibarua. Nimeacha kusafiri jioni. Tumekuwa wanawake wanne tunaopanga safari siku moja, magari yanafuatana, na kila mmoja ana namba za wenzake na za balozi wa kila kijiji tunachopita. Tangu tuanze hivyo usingizi wangu umerudi, na haujarudi kwa sababu ya kabati.

Alama zangu

Kama mashine: 9 kwa 10. Ni imara, ina shabaha, haina makuu, ukiitunza inakutunza. Moja nimeikata kwa uzito na kwa ajili ya vidole vyetu.

Kama mazoezi: 8. Renji ilinifundisha kupumua, kutulia, kutoshtuka. Nimekuwa mwanamke mtulivu zaidi hata nikibishana na dalali. Hayo hayatoki tena, na sijutii hata shilingi.

Kama ulinzi wa mfanyabiashara barabarani: 3. Sekunde zinaikataa.

Kama mwanafamilia: sifuri. Siyo kwa ubaya wake. Haijafanya kosa hata moja. Ila ndoa inahitaji mahali ambapo mtu anaweza kukasirika bila kuhesabu milango.

Tumeamua inauzwa. Na hapa pia, huwezi kumpa jirani kama unavyouza redio. Polisi lazima wahusike, na anayenunua awe na kibali chake. Makaratasi yameshaanza, na kwa sasa haiko nyumbani. Kabati la chuma limebaki. Ndani yake mna hati za shamba, vyeti vya watoto na daftari zangu. Ufunguo tumechonga wa pili, uko kwa mume wangu.

Kabla hujanunua

Simkatazi mtu. Yuko mama mwenye duka la vito, yuko mtu anayeishi peke yake porini, kila mmoja na mazingira yake. Lakini kama wewe au mwenzi wako mnaiwaza, kaeni mezani mjibizane haya kwa ukweli:

Ninachokiogopa kina uso gani, na kinakuja kwa sekunde ngapi? Nitakwenda renji kila mwezi, au nitaifungia na kuisahau? Nyuma ya kila mlango wa nyumba yangu analala nani? Yuko mtu hapa ndani anayekunywa, anayepiga, au anayepita kwenye huzuni nzito? Kama yuko, mjadala umeishia hapo. Njia zisizo na risasi nimezimaliza zote? Na la mwisho, ambalo kwenye fomu halipo: siku tukigombana, nitaangalia wapi?

Usijibu hilo la mwisho peke yako. Muulize na mwenzio, asubuhi, mkiwa na chai, watoto wameshakwenda shule. Halafu nyamaza umsikilize.